Jiwe Kavu la Peterhof

Saa tano asubuhi, mguu wa kulia wa Vitali Yegorovich Sychov uko juu ya pedali, na hauna haraka hata kidogo.

Nje ya kibanda chake cha mbao, kilichopakwa rangi ya kijani na kufichwa na vichaka, baba mmoja mwenye koti la ngozi anawafundisha watoto wake siri ya mawe. Mbele ya mabenchi mawili meupe pana sakafu ya mawe madogo ya mviringo, na katikati ya mawe hayo ndipo bwana huyu amesimama, kidole juu.

"Sikilizeni," anasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Yote haya hayana neno, isipokuwa hili moja. Ukilikanyaga hili, maji yanakuja."

Analigusa kwa ncha ya kiatu.

"Haya, bosi," Vitali ananong'ona kibandani, na mguu unashuka.

Maji yanaruka kutoka chini na kutoka nyuma ya mabenchi, baridi ya kuuma meno. Watoto wanapiga mayowe ya furaha. Baba mtu amelowa mpaka kwenye kola, lakini uso unamng'aa: si aliwaambia? Anakanyaga tena, na Vitali, kwa adabu zote, anammwagia tena. Mara ya tatu bwana anamwita mkewe aje ashuhudie. Mke anasimama juu ya jiwe lilelile, mkoba kifuani, macho amefumba. Hakuna kitu. Hata tone.

"Huyo leo hapati usingizi," anasema Vitali, akimmiminia chai mwandishi wa makala haya, ambaye ameketishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa masharti mawili: asikohoe, na asicheke kwa sauti.

Jiwe la siri halipo, wala halijawahi kuwepo. Aliyepo ni Vitali, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, mfupi, mwenye masharubu yaliyopauka kwa moshi wa sigara alizokwisha kuziacha. Kutwa nzima huchungulia kwenye upenyo kati ya mbao mbili na kuamua nani alowe na nani abaki mkavu.

Wafalme waliojenga makasri na bustani hizi walipenda kuwacheka wageni wao. Waliwakaribisha wakiwa wamevaa hariri na mawigi, wakawaonyesha benchi la kupumzikia, kisha wakawafungulia maji. Wafalme wamekwenda na taji zao, mzaha umebaki, na mzaha haujiendeshi wenyewe. Kila siku mabasi huleta watu kutoka Piter, jiji kubwa la jirani, safari isiyofika hata saa moja barabara ikiwa njema. Wanaona dhahabu ya kasri, wanapiga picha na ile chemchemi kubwa, wanakula sambusa za kabichi penye upepo, halafu wanafika hapa kulowa. Wenyeji wote wa mji huu mdogo wanajua kuna mtu kibandani. Hakuna anayewaambia watoto.

Vitali ana sheria zake, na hakufundishwa na mtu. "Mwenye kigari cha mtoto simmwagii. Mjamzito simmwagii. Bibi harusi simmwagii mpaka aombe mwenyewe, na wengine huomba, wallahi hujui watu," anasema. "Wanajeshi nawamwagia bila huruma. Na mtu akisema kwa sauti kubwa kwamba yeye amegundua, huyo namheshimu mara mbili, mara ya tatu namwaibisha."

Lakini leo, Jumamosi hii ya kwanza ya mwezi wa kumi, siku chache kabla maji hayajafungwa kwa ajili ya majira ya baridi, Vitali hana utulivu. Simu yake ameiegemeza kwenye chupa ya chai, na kila mguu unapopumzika jicho linakwenda huko.

Ujumbe wenyewe ulifika Alhamisi jioni. Anamwonyesha mwandishi bila kuulizwa, kama mtu anavyoonyesha picha ya mtoto mchanga. *Jumamosi tunakuja Peterhof na basi la bandarini. Tuna saa tatu tu. Bado upo?*

Chini yake pana jibu lake. *Nipo.*

"Hilo neno moja lilinichukua jioni nzima," anasema. "Niliandika mengi, nikayafuta. Niliandika nimekumiss, nikafuta. Mtu mzima anaandikaje hivyo kwa mtu ambaye hamzungumzi?"

Aliyeandika ni binti yake wa pekee, Taisia, ambaye nyumbani waliita Taya. Ni dereva wa winchi katika bandari ya Murmansk, kaskazini kabisa, ambako jua la majira ya baridi huaga halafu likasahau kurudi. Alikuwa na miaka kumi na mmoja alipoondoka hapa. Tangu siku hiyo baba yake amemwona mara moja tu, kwenye maziko ya bibi yake, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye koti jeusi la kuazima. Walisimama kando ya kaburi wakazungumza habari za hali ya hewa.

Mwandishi aliuliza swali la kipumbavu ambalo kila mwandishi angeliuliza: kwa nini hukwenda kumwona? Je, ni kipato? Vitali alilifikiria kwa haki. Mshahara wake unatosha chumba kimoja karibu na reli, viazi, samaki wa chumvi na dawa za presha. "Na tiketi ya treni ungetosha," alikiri. "Si nauli. Nilikuwa nangoja aniite. Baba hajipeleki mahali asipoitwa."

Taya alizaliwa na kifua kibovu. Mwaka wake wa kwanza alilazwa mara mbili kwa kichomi, na wa pili mara moja, na mama yake, Nelli, alitoka wodini akiwa amekula kiapo. Mtu ambaye hajaishi na kina mama wa nchi hii hajui hofu ya baridi. Hapa mtoto hakai kwenye jiwe, hapiti penye madirisha mawili yaliyofunguka yakatazamana, hatoki nje nywele mbichi, na hata mwezi wa sita bibi asiyemjua atamsimamisha njiani amfunge kifungo cha juu. Nelli alimwambia mumewe jambo moja, na alilisema akiwa ameshika mwiko: "Maji yako yakimgusa mwanangu hata tone, wodini utalala wewe."

Basi Vitali akashika amri. Taya alikuwa akitoka shule anakuja moja kwa moja bustanini, mkoba mgongoni, kofia imevutwa mpaka kwenye nyusi. Aliambiwa baba anashughulika na mabomba, basi, na hakuhoji. Katika sakafu ile alijichagulia jiwe lake, jeusijeusi kama ini, la pembeni kushoto. Anasimama hapo, watoto wenzake wanarukaruka kulia kwake, maji yanaruka, wenzake wanalowa, yeye mkavu. Mguu wa baba ulikuwa unajua kungoja. Alisubiri mpaka upepo ugeuke, mpaka wenzake wasogee, mpaka iwe hakuna tone litakalomfikia.

"Alikuwa anawaambia: hili jiwe langu ni kavu, lina bahati!" Vitali anasimulia, na hapo sauti inamlainika. "Wenzake wanamsukuma, wanapanda wao. Nawamwagia. Anarudi yeye, mkavu. Nikimwona amesimama pale, kidevu juu, hacheki, najiambia, ona malkia wangu anavyoringa."

Hiyo ndiyo picha aliyobaki nayo. Majira ya baridi maji yakifungwa na masanamu yakivikwa masanduku ya mbao, Vitali huhamia karakana kusafisha midomo ya mabomba. Huko hakuna sauti ya maji, na usingizi wake huwa mwepesi. Ndipo picha ile humjia: msichana mdogo kwenye jiwe jeusi. Waswahili tunasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mzee huyu alijaribu kuyaficha ndani ya kibanda cha kijani, akayatoa kwa mguu mmoja, na akaamini kwamba yamefika.

Ndoa ilivunjika bila kelele. Nelli alipata baharia mstaarabu kutoka Murmansk, akamfuata na mtoto. Safari ilipangwa iwe jioni ili Vitali amalize zamu, awahi nyumbani, waketi. Kabla ya safari watu wa huku wote huketi kimya kidogo, wanaokwenda na wanaobaki, juu ya kiti, sanduku au kitanda, ili njia iwe njema na msafiri arudi. Mtu anaweza asimwamini Mungu, lakini hili atalitimiza.

Jioni hiyo Vitali alikuta nyumba tupu. Walikuwa wamepata nafasi kwenye treni ya asubuhi. Viti vyote vilikuwa vimesukumwa mezani, hakuna hata kimoja kilichovutwa.

"Hatukuketi," anasema. Atalisema neno hilo mara tatu kabla siku haijaisha. "Mengine yote nimeyaelewa. Nelli nilimwelewa. Lakini hatukuketi."

Mchana, Rodion anaingia kibandani. Ni fundi bomba wa upande huu wa bustani, kijana wa miaka hamsini, mrefu, mdomo wake hauna bawaba. Humwita mzee kwa jina la babaye tu, Yegorich, kama watu waliokunywa chai pamoja muda mrefu wanavyoitana huku.

"Bado umekaa hapa?" anashangaa. "Basi la Murmansk limeegeshwa getini. Nimeliona kwa macho yangu. Akina mama wa bandarini, mabega kama mabaharia. Nenda, mimi nitashika pedali."

"Siendi."

"Huendi wapi?"

"Atakuja mwenyewe hapa kwenye mawe. Nitakuwa kwenye kazi yangu."

"Yegorich, mtoto amesafiri nusu ya nchi, wewe unataka kumchungulia kwenye ufa kama mwizi wa kuku?"

Vitali anageuka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mguu umetoka kwenye pedali.

"Nikitoka pale nje nitamwambia nini? Habari za hali ya hewa? Sina nyumba ya kumkaribisha ya maana, sina maneno. Nina jiwe. Atalisimamia, maji hayatamgusa, atajua baba yupo na hakusahau. Nina nini kingine cha kumpa, Rodion? Niambie."

Rodion anavuta ndoo nyingine, anaketi.

Wanakuja. Mbele yuko mwongoza watalii, mwanamke mwembamba aitwaye Zhanna, mwavuli wa njano juu kama bendera. Nyuma yake kundi la watu wa bandarini waliovaa makoti yao mazuri, wamechoka kutazama dhahabu ya wengine, wanataka sasa kucheka. Zhanna anawaambia kuhusu jiwe la siri. Anajua ukweli kama anavyojua jina lake, lakini kazi ni kazi.

"Yule," anasema Vitali, na hana haja ya kuonyesha kidole.

Taya ni mrefu kuliko wengine, kofia ya sufi ya bluu, mikono mifukoni. Anatembea kama bibi yake aliyezikwa, amelala kidogo mbele kana kwamba anapanda kilima. Wenzake wanajitosa kwenye mawe. Vitali anafanya kazi yake, lakini leo anafanya kwa ustadi wa mtu anayechonga. Mwanamama mnene ambaye wenzake wanamwita Klavdia analowa mgongo, anatukana, anacheka, anarudi tena. Taya amesimama pembeni, anatazama chini. Halafu anakwenda kushoto, polepole, na kupanda jiwe jeusi.

Kibandani Rodion anasogea kwenye ufa.

Amesimama. Ametoa mikono mifukoni. Anangoja. Watu wanaruka kando yake, maji yanapanda na kushuka kulia kwake, upepo unajaribu kuyasogeza, na mguu wa Vitali unauwahi upepo. Hata ukungu haumfikii.

"Hebu mwoneni Taya!" Klavdia anapiga kelele. "Hata maji yanamwogopa!"

Wote wanacheka. Taya anangoja kidogo tena, kidevu juu. Kisha anashuka.

"Wageni wapenzi, tuelekee kwenye basi!" Zhanna anaita. "Mwenye haja ndogo ajisaidie sasa, njiani hatusimami!"

Mwavuli wa njano unaanza kuondoka. Machozi yanamtiririka Vitali mpaka masharubuni, na anatabasamu.

"Mmeona?" anasema. "Kavu. Kama zamani. Mmeuona uso wake anavyoringa?"

"Anaringa?" Rodion amebaki kwenye ufa. "Mzee, macho yako yana ukungu au nini? Yule mtu ameumia. Uso ule nimeuona kwa mwanangu siku alipoachwa benchi timu nzima ikacheza."

Tabasamu la Vitali linabaki mahali pake, ila halina tena wa kulishikilia. Anafungua mdomo. Ndipo ubao wa nyuma ya kibanda unagongwa mara mbili.

Mlango unafunguka wenyewe, kwa sababu kitasa kilikufa siku nyingi. Taya amesimama kati ya vichaka, majani makavu kwenye kofia, anahema.

"Baba."

"Huku wageni hawaruhusiwi," anasema Vitali Yegorovich.

Mwandishi ameandika mambo mengi katika kazi hii, lakini hajawahi kusikia mtu akijichukia haraka vile kwa maneno matatu. Mzee alitamani kuyala. Rodion alijishika kichwa.

Taya, jambo la ajabu, alicheka kidogo. "Najua. Ndiyo maana nimepita nyuma."

"Umeliona jiwe?" baba anauliza haraka, kama mtu anayekimbilia mahali anapopajua. "Kavu, eh? Nimelitunza."

"Nimeliona." Kicheko kimekwisha. "Baba, kwa nini hukuwahi kunimwagia?"

"Kifua chako. Mama yako alisema..."

"Najua mama alisema nini, naishi naye nyumba moja, nasikia kila siku. Nakuuliza wewe." Anafuta pua kwa mkono wa koti. "Watoto wote wa mtaa wetu walilowa. Wote. Walikuwa wanarudi nyumbani wanachuruzika, wanasukumana, wanacheka, halafu mimi nyuma yao, mkavu kama mkate wa juzi. Ile habari ya jiwe la bahati nilikuwa najitungia, ningewaambia nini? Nilidhani hata maji hayanitaki."

"Taya..."

"Ngoja nimalize, basi litaondoka. Nikiwa na miaka kumi na minne, Murmansk, nikaona kwenye televisheni kumbe kuna mtu kibandani. Nikakaa jikoni nikafikiri. Baba yangu anafanya kazi pale. Basi ni baba. Si maji yasiyonitaka, ni baba. Unakumbuka ni lini niliacha kukupigia simu?"

Vitali anakumbuka. Anaketi kwenye kiti chake.

"Nilikuwa nakulinda," anasema, na sauti haifiki mbali.

"Sasa najua. Nina mtoto, nami namfunga skafu mpaka anakosa pumzi." Anachuchumaa mbele yake, hata wanatazamana sawa kwa sawa. "Nami nafanya kazi kibandani, baba, unajua? Juu kabisa ya winchi, peke yangu, pedali mbili. Juzi nilikuwa nimekaa huko, ukungu chini, sioni mtu, nikasema, huyu mzee naye amekaa hivi miaka yote. Ndiyo nikakuandikia."

Huko nje mwavuli unarudi, na chini yake sauti ya Zhanna: "Murmansk! Tumepungukiwa mtu mmoja! Murmansk!"

Vitali anasimama ghafla. "Panda jiwe," anasema. "Panda sasa hivi. Nitakumwagia mpaka useme basi."

Taya anatikisa kichwa.

"Hapana. Toka wewe. Naondoka, na safari ni ndefu. Tuketi."

Hajawahi kutoka kibandani mchana, wageni wakiwapo. Siri ya mawe ingeharibika, na siri hiyo ndiyo kazi yenyewe. Alisimama mlangoni kama mtu aliyeambiwa atoke uchi. Kisha akavua kofia, akaiweka kwenye kiti, akatoka kwenye vichaka mbele ya watoto wa watu, na watoto wale wakamkodolea macho mzee aliyeota kutoka majanini.

Waliketi kwenye benchi jeupe la kushoto. Limelowa, wakaketi hivyohivyo. Hawakushikana mikono wala kusema neno, kwa sababu desturi haitaki neno. Baba alitazama mawe, binti akatazama mawe. Kundi la bandarini lilikuwa limerudi na Zhanna kumtafuta mtu wao, nalo, kwa kuwa kila mmoja wao anajua maana ya kuketi namna ile, lilinyamaza. Hata Klavdia alifunga mdomo, jambo ambalo wenzake walithibitisha baadaye kwamba ni nadra.

Kibandani Rodion alikuwa amehamia kwenye kiti cha mzee. Alitazama ufa. Alimtazama mwandishi. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndani ya wekundu ule mlikuwa na utundu.

"Miaka yote hii," alinong'ona, "Yegorich hajawahi kulowa na maji yake mwenyewe."

Akakanyaga kwa nguvu zote.

Maji yalitoka nyuma, mbele na chini, yakawafunika wote wawili. Sauti iliyotoka kwa Taya haikuwa ya mwanamke anayeinua makontena. Ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa, mayowe membamba yaliyopanda mpaka juu ya miti. Aliruka, akaanguka tena kwenye benchi, akamshika baba yake shingo. Vitali alikuwa amefumbua mdomo kama samaki. Rodion aliachia, akahesabu pumzi mbili, akakanyaga tena. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na hawa hawakupewa hata nafasi ya kuvua.

Aliyevunja sherehe ni Klavdia, aliyevamia na shali lake mkononi.

"We mzee, huna haya?" alimfokea Vitali, akimkausha Taya kichwa kana kwamba anasugua sufuria. "Mwezi wa kumi huu! Mwezi wa kumi! Umemkalisha msichana wa watu kwenye benchi la barafu, unamwogesha hapo!"

"Klavdia, ni baba yangu," Taya alisema ndani ya shali.

"Ndiyo mbaya zaidi!"

Walimpeleka kwenye basi wakiwa wamemzunguka, kila mmoja akivua kitu chake cha sufi kumvisha, mpaka mwisho ikaonekana kofia tu. Vitali alifuata nyuma, akichuruzika, akibeba mkoba wa Taya. Basi lilipogeuka getini binti alipangusa ukungu kwenye kioo kwa kiganja. Baba alibaki amesimama pale muda baada ya basi kutoonekana, mpaka Rodion alipokuja kumtupia koti mabegani na kumkumbusha kwamba wapo wageni wanaongoja kudanganywa.

Mwandishi alimpigia simu Vitali siku chache baadaye, maji yalipokuwa yamefungwa na bustani imeanza kuvikwa masanduku yake. Simu ilipokelewa na kikohozi kirefu.

"Kitandani siku ya nne," alisema mzee, kwa sauti ya mtu aliyeshinda zawadi. "Na Taya naye mgonjwa. Nelli amenipigia. Nelli! Tangu aondoke hajawahi kunipigia. Amenitukana, ndugu yangu, hata sijui maneno mengine ameyatoa wapi, labda kwa baharia wake. Kwamba nimemwua mwanawe. Kwamba yeye aliniambia tangu zamani. Nimekaa kimya, nasikiliza tu, nafurahi."

Akakohoa tena. Alipopata pumzi, alisema kwamba nyuma ya matusi alisikia mtoto. Ni mjukuu wake, Polya, mwenye miaka sita, ambaye anamjua kwa picha tu. Mtoto alikuwa anavuta nguo ya bibi yake na kuuliza: huyo ndiye babu aliyemlowesha mama? Na mimi atanilowesha lini?

"Nelli akakata simu. Lakini nilikuwa nimeshasikia."

Taya ameahidi kuja na mtoto mwezi wa tano, maji yakifunguliwa. Safari hii haitakuwa ya basi na saa tatu. Watalala kwa babu, kitandani wao, yeye sakafuni. Ameshaazima godoro kwa Rodion, ingawa bado miezi saba. Majira haya ya baridi, anasema, karakana haimtishi.

Mwandishi alimuuliza kama na Polya atamwekea jiwe lake.

"Jiwe gani?" alisema Vitali Yegorovich. "Nimemwambia mama yake amletee nguo za kubadilisha."